Stika, thadi pati iliyopanuliwa au bima kubwa: ipi itakusimamia ukimuumiza mtu?

Watu wakilinganisha bima za gari hapa Uganda, maswali ya kwanza huwa ya gari lenyewe. Likiibwa mtanilipa? Nikigonga, garaji atalipa nani? Ni maswali halali. Lakini mstari unaoweza kukuuzisha kibanja ni mwingine: ule unaosema kampuni itatoa kiasi gani kwa mtu uliyemuumiza, au kwa familia ya mtu uliyemuua. Gari lina bei. Hata likiungua lote, hasara yake inajulikana siku hiyo hiyo. Mgongo wa mtu haujulikani bei mpaka jaji atamke, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba walikuwa wamenunua karatasi ya kuwaonyesha polisi wa trafiki na si zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia kwa majeruhi, na gari linafuata baadaye.

Namba mbili za kutafuta

Kila mkataba wa bima ya gari unaogusa watu wengine huwa na vikomo viwili vya fidia ya mwili. Cha kwanza ni kwa kila mtu: kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni itamlipa majeruhi mmoja. Cha pili ni kwa kila tukio: kiasi cha juu kabisa kwa ajali nzima, hata waumie watu ishirini. Vikomo hivi hufanya kazi pamoja. Kile cha kwanza kikishiba, huyo mtu hapewi tena. Kile cha pili kikishiba, hakuna anayepewa tena.

Bima ya lazima, ile ya stika kwenye kioo, inatokana na sheria ya mwaka 1989 ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa watu wa tatu, ndiyo hao thadi pati: watu wengine unaoweza kuwaumiza. Vikomo vyake ni shilingi milioni 1 kwa kila mtu na milioni 10 kwa kila tukio. Umesoma sawasawa, milioni moja. Tena ni kwa kifo au jeraha la mwili tu. Ukuta wa jirani, bampa la Harrier uliyoigonga nyuma, pikipiki ya bodaboda, vyote hivyo haviguswi na stika.

Sheria hiyo ilipotungwa, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi mia kadhaa, na milioni moja ilikuwa fedha ya kumwuguza mtu na kumsaidia kuanza upya. Leo dola ni elfu tatu na ushee, na milioni hiyo ni dola mia tatu hivi. Ulizia bei ya kuwekewa chuma kwenye paja katika hospitali yoyote ya binafsi Kampala, halafu rudi kwenye hiyo namba.

Sasa chukua taksi ya abiria 14 iliyopinduka kwenye barabara ya Masaka, wote wameumia vibaya. Kwa kikomo cha kila mtu ungetarajia milioni 14. Kikomo cha tukio kinasema 10. Gawanya: kila mmoja anapata kama shilingi 714,000. Likiwa basi lenye abiria 60, mgawo unashuka hadi kama 167,000 kwa mtu. Fedha hiyo haimalizi hata wiki ya dawa na chakula cha mgonjwa na anayemwuguza pale hospitali ya Mulago.

Wenye magari wengi hudhani kwamba kikomo hiki kinawalinda wao. Sivyo. Kinailinda kampuni ya bima. Mahakama inapokadiria fidia hutazama jeraha, kipato kilichopotea na maumivu. Haiangalii stika yako inasemaje. Ikiamua milioni 60, kampuni inatoa yake na kilichobaki ni deni la aliyesababisha ajali. Na mara nyingi ni deni la mwenye gari pia, hata kama aliyekuwa usukani ni dereva aliyemwajiri, au shemeji aliyetumwa kumchukua mgeni Entebbe. Ukimtuma mtu kwa shughuli yako na gari lako, makosa yake ya barabarani yanakurudia.

Wenye ndugu Marekani huenda wameshaona vikomo hivi vikiandikwa kwa mikwaju. Kule California, kwa mfano, kiwango cha chini tangu Januari 2025 ni 30/60/15, yaani dola 30,000 kwa kila majeruhi, 60,000 kwa ajali nzima na 15,000 kwa mali. Mpangilio ni ule ule wa kwetu. Tofauti ni ukubwa, na kwamba mali imo ndani ya bima ya lazima. Uingereza walikwenda mbali zaidi: bima ya lazima haina kikomo kabisa kwa majeraha ya mwili. Sisemi Uganda inaweza kuiga hilo kesho. Nasema tu kwamba ukisikia mtu akijisifu kuwa "ana bima", bado hajasema chochote.

Ajali moja, mikataba mitatu

Tuseme Premio inarudi Kampala jioni kutoka Mukono. Dereva anakata kushoto kuingia kituo cha mafuta bila kutazama kioo, anamgonga bodaboda aliyekuwa akipita kando. Mwendesha boda anavunjika paja. Abiria wake anaumia uti wa mgongo na hatatembea tena. Pikipiki imekwisha, na Premio imevunjika taa, bampa na boneti. Baada ya mazungumzo na mahakama, hesabu inakuwa hivi: mwendesha boda milioni 15, abiria milioni 60, pikipiki milioni 4, matengenezo ya Premio milioni 5. Jumla ni milioni 84. Namba hizi ni za mfano, nimeziweka ili hesabu ionekane.

Mkataba wa kwanza ni stika pekee, milioni 1 na 10. Wa pili ni thadi pati iliyopanuliwa, ambayo unainunua juu ya stika. Tuseme imeandikwa milioni 30 kwa kila mtu, 100 kwa tukio, na 20 kwa mali ya wengine. Wa tatu ni bima kubwa inayolipa hadi gari lako, lakini sehemu ya majeruhi imeandikwa milioni 20 kwa kila mtu, 50 kwa tukio, na 20 kwa mali. Na katika kila dai unajibebea mwenyewe nusu milioni ya kwanza ya matengenezo ya gari lako.

| Kinacholipwa na bima (milioni) | Stika pekee | Thadi pati iliyopanuliwa | Bima kubwa |
|---|---|---|---|
| Mwendesha boda (15) | 1 | 15 | 15 |
| Abiria wa boda (60) | 1 | 30 | 20 |
| Pikipiki (4) | 0 | 4 | 4 |
| Premio yako (5) | 0 | 0 | 4.5 |
| Deni linalobaki kwako | 82 | 35 | 40.5 |

Tazama safu mbili za mwisho. Bima kubwa ndiyo uliyoilipia fedha nyingi zaidi, na ndiyo imekuacha na deni kubwa kuliko thadi pati iliyopanuliwa. Imekutengenezea boneti, ikakuacha na yule abiria. Na si kwamba bima kubwa ni mbaya. Ni kwamba jina lake halisemi kitu kuhusu mstari wa majeruhi. Badilisha mstari huo uwe milioni 50 kwa kila mtu na 200 kwa tukio, na deni lako linashuka hadi milioni 10 na nusu. Gari ni lile lile, ajali ni ile ile.

Mawakala hawapendi kuanzia hapo, na siwalaumu sana. Mteja anayeingia ofisini anauliza wizi, anauliza kioo cha mbele, anauliza kama atapewa gari la kutumia lake likiwa garaji. Wakala anajibu anachoulizwa. Ukiuliza vikomo vya majeruhi, mara nyingi utaona anafungua kabrasha kwanza. Msubiri afungue.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: kuongeza kikomo cha majeruhi kwa kawaida hakupandishi bei kwa kadiri kikomo kinavyopanda. Sehemu kubwa ya bei ya bima kubwa inafuata thamani ya gari, kwa asilimia. Ukihama kutoka milioni 20 kwenda 50 kwa kila mtu, usitarajie bei kupanda mara mbili na nusu. Omba makadirio mawili kwa maandishi, yenye gari lile lile na vikomo tofauti, na uhakikishe yote yamejumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, maana wengine hukutajia bei kabla ya kodi na unaona nafuu isiyokuwepo.

Ni nani asiyehesabiwa

Mtu wa tatu ni nani? Mpita njia, mwendesha boda, waliomo katika gari jingine: hao hawana mjadala. Waliomo ndani ya gari lako ndio wenye maswali. Wewe mwenyewe ukiwa usukani si mtu wa tatu. Ukivunjika mkono katika ajali uliyoisababisha, bima ya watu wa tatu haikujui, iwe ndogo au iliyopanuliwa. Kwa hilo kuna kiambatisho cha ajali binafsi, kinachouzwa pamoja na bima kubwa au peke yake.

Mwajiriwa wako aliye kazini, kama tanboi wa lori au kondakta, kwa kawaida huangukia kwenye sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo kwa kifo hukadiria mshahara wa miezi 60 kwa wategemezi. Hiyo ni bima nyingine, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuikata. Kuna wenye malori wenye bima nzito ya gari na mzigo ambao hawajawahi kuisikia.

Abiria uliowabeba kwenye gari binafsi, wale ndugu mnaokwenda nao Fort Portal kwenye harusi, uliza juu yao moja kwa moja na utake jibu lililoandikwa ndani ya mkataba. Mikataba hutofautiana. Mingine huwaweka chini ya kikomo chao chenyewe, kidogo kuliko cha watu wa nje.

Halafu matumizi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likaingizwa kubeba abiria wa kulipa, kwa programu ya simu au kwa kusimama stendi, limetoka nje ya mkataba. Jioni unapata elfu hamsini, siku ya ajali kampuni inakuonyesha kipengele. Na pemiti ya dereva iwe hai na ya daraja la gari hilo. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Ukivuka mpaka

Hapa ulinganisho unakuwa wa ajabu kidogo. Anayekwenda Kenya, Rwanda, Burundi, Tanzania au Kongo huchukua kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ni mpango ulioanza miaka ya 1980 na ambao Tanzania imebaki nao hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo huuzwa na kampuni za bima za hapa hapa, na kazi yake ni kukulinda dhidi ya madai ya watu wa tatu kwa kiwango ambacho sheria ya nchi unayoitembelea inataka.

Shika hayo maneno ya mwisho: nchi unayoitembelea. Sheria ya Kenya inaitaka bima ya lazima ibebe hadi shilingi milioni 3 za Kenya kwa kila mtu, ambazo ni zaidi ya milioni 75 za Uganda. Kwa hiyo lori la Uganda likimgonga mtu Busia upande wa Kenya, madai yake yanapimwa kwa kiwango cha Kenya. Lori la Kenya likimgonga mtu Busia upande wetu, vipimo ni vya sheria yetu. Mitaa miwili inayosikilizana muziki, na thamani ya mguu inatofautiana zaidi ya mara sabini. Dereva wa masafa anayezoea njia ya Malaba anaweza kuwa na ulinzi mzito zaidi akiwa Eldoret kuliko akiwa Iganga nyumbani kwao.

Kadi ya njano hailipi lori lako wala mzigo wako. Wala haikuongezei kikomo ukiwa ndani ya Uganda. Ukifika Malaba ukarudi upande huu, umerudi kwenye mkataba wako wa kawaida. Na kabla hujaondoka, soma orodha ya nchi zilizoandikwa kwenye kadi, maana haifanyi kazi Afrika nzima.

Basi nani achukue nini

Mwenye bodaboda mmoja, anayeishi kwa anachopata kwa siku, wengi watamwambia stika inatosha kwa sababu hana cha kunyang'anywa. Nadhani ni ushauri wa nusu. Ana pikipiki, na pengine ana mkopo juu yake. Kama kuna kampuni inayomuuzia nyongeza ya majeruhi kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, aitazame kabla ya ile inayomlipia pikipiki ikiibwa.

Gari la zamani lenye thamani ya milioni 12, mwenyewe ana nyumba Kira na shamba kwao: huyu ndiye anayekosea zaidi katika uchaguzi, kwa maoni yangu. Anaona gari halistahili bima kubwa, na hapo yuko sahihi. Kisha anabaki na stika peke yake, na hapo anaiweka nyumba rehani bila kujua. Anayemdai hadai Corolla yake, anadai yeye. Achukue thadi pati iliyopanuliwa yenye vikomo vya juu kadiri anavyoweza, ikiwa na mali ya wengine ndani, na gari lake alibebe mwenyewe.

Gari jipya la mkopo, benki itakulazimisha bima kubwa, wala huna la kuchagua. Kilichobaki mkononi mwako ni vikomo, na hapo benki haitakusaidia, kwa sababu benki inajali gari tu. Viongeze wewe.

Mwenye taksi au basi aangalie kikomo cha tukio kabla ya kile cha mtu mmoja. Kikomo cha milioni 20 kwa kila mtu kinapendeza machoni, lakini kikiambatana na milioni 50 kwa tukio, katika taksi iliyojaa ni watu wawili na nusu ndio waliolindwa kikamilifu. Zidisha viti kwa kikomo cha mtu mmoja, ulinganishe na kikomo cha tukio, utaona pengo lilipo. Sijali kampuni inatangaza nini redioni. Hesabu hiyo inachukua dakika moja.

Siku ya kudai

Kikomo kizuri hakikusaidii kama dai limeharibiwa mwanzoni. Polisi wafike, wapime, waandike. Majeruhi wapate fomu ya polisi namba 3 ijazwe na daktari. Kampuni ijulishwe haraka, na kama kuna kifo, nyaraka za familia zianze kukusanywa mapema kwa sababu ndizo zinazochelewesha. Yote hayo yanafahamika. Linalowaponza watu ni kumalizana pembeni. Uwape wafiwa ubani, upeleke mabugo (mchango wa rambirambi) msibani, hilo ni utu na hakuna anayekukataza. Lakini karatasi inayosema "nakubali kosa, nitalipa milioni kadhaa", ukiisaini bila kampuni kujua, mikataba mingi inaipa kampuni njia ya kujitoa, nawe unabaki na ahadi yako.

Kampuni ikikataa au ikikuzungusha, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina kitengo cha malalamiko Kampala. Majeruhi anaweza kwenda pia, si lazima awe mteja. Peleka nakala ya mkataba, ripoti ya polisi na barua zote mlizoandikiana.

Na kabla ya kulipa mwaka huu, mwombe wakala akutumie ukurasa wa jedwali la mkataba, ule wenye jina lako, namba ya gari na vikomo. Si kijitabu chenye picha za familia zinazocheka. Ukurasa huo ukikosa namba mbili za majeruhi, au ukiwa na neno "kama sheria inavyotaka" mahali pa namba, ujue unanunua milioni 1 na milioni 10, kwa bei yoyote waliyokutajia.